Kufuli zima, mzigo haupo: somo nililolipata kwa kufungua makufuli yangu mwenyewe

Somo la leo halihusu picha kali wala maneno ya kumvuta mteja. Linahusu kufuli, lile unalofungia stoo yako. Wengi wetu humu tunauza mtandaoni, duka hatuna. Mtaji wote uko kwenye chumba kimoja cha kupanga, mlango wa mbao, kufuli la elfu nne. Tunalifunga, tunalivuta mara mbili kuhakikisha, tunaenda kulala. Mimi nilikuwa hivyo hivyo mpaka siku nilipoibiwa, na hasara niliyopata haikuwa ya viatu peke yake. Soma mpaka mwisho.

1. Ilivyokuwa

Nauza viatu vya kike na mikoba. Jumatatu moja asubuhi nafungua stoo nipaki oda za mikoani ziwahi basi, nakuta rafu ya chini nyeupe. Jozi 14 hazipo. Mlango mzima, dirisha zima, kufuli limefungwa pale pale lilipo, halina hata mchubuko. Na funguo zilikuwa mbili tu: mmoja wangu, wa pili wa binti aliyekuwa ananisaidia kupaki.

Hesabu yangu ilikuwa fupi. Kufuli halijavunjwa, kwa hiyo limefunguliwa kwa ufunguo. Ufunguo wangu ninao. Basi ni yeye.

Nikamwita. Akaniapia, "Dada, sijagusa, haki ya Mungu." Sikumsikiliza. Nikamnyang'anya ufunguo, nikamwambia aende, na mshahara wake wa mwezi ule, laki moja na ishirini, nikaukata kufidia hasara. Tena nikajiona nina huruma kwa sababu sikumpeleka polisi. Kisha nikaingia kwenye grupu letu la wauzaji nikaandika wasimwajiri. Kufuli lenyewe nikalitupa jalalani kwa hasira. Kumbuka hilo la kulitupa, nitalirudia.

2. Fundi alinionyesha nini

Wiki ile ile nikanunua kufuli jipya, aina ile ile, nikalipeleka kwa fundi funguo anichongee ufunguo wa akiba. Nikamsimulia yaliyonikuta. Akalichukua, akaligeuza geuza, akasema, "Dada, hili?"

Akatoa vyuma viwili vyembamba. Sikumaliza kusoma meseji ya mteja, kufuli likaachia. Akalifunga, akalifungua tena. Akanirudishia mkononi likiwa zima.

"Sijavunja kitu," akasema. "Ungelikuta hivi asubuhi, ungesema nani kafungua?"

Nilikosa jibu, wadau. Nikamwomba anifundishe. Akakataa. Nilipomrudia mara ya tatu akakubali kwa masharti: makufuli ya kujifunzia ninunue mwenyewe, risiti aione, na nisiguse kufuli lolote lililofungwa mlangoni, hata langu. Nikaanza hivyo, jioni jioni baada ya kumaliza oda, na kilichoanza kama uchungu kikageuka mchezo ninaoupenda.

3. Ndani ya kufuli kuna nini

Ukilijua hili utanunua kufuli kwa akili, si kwa uzito wala kwa kung'aa.

Ile sehemu ya mviringo unayochomeka ufunguo ni silinda. Ikizunguka, upinde wa kufuli unaachia. Kinachoizuia isizunguke ni pini. Pini zinakaa mbili mbili kwenye vishimo vidogo: ya chini inaguswa na ufunguo, ya juu inasukumwa na springi. Kama hakuna ufunguo, pini za juu zinakaa nusu ndani ya silinda, nusu ndani ya mwili wa kufuli, kama misumari iliyoshikanisha mbao mbili. Ukichomeka ufunguo wake, yale mabonde na vilima vyake vinainua kila jozi kwa kimo chake, mpaka pale pini mbili zinapokutana palingane na ukingo wa silinda. Hapo hakuna msumari tena. Inazunguka.

Wazo hili ni la zamani sana. Wamisri wa kale walikuwa na makomeo ya mbao yenye pini. Hili la chuma lenye ufunguo mdogo tunaloliona leo limetokana na kazi ya Mmarekani Linus Yale Jr., aliyepata hataza zake mwaka 1861 na 1865.

Udhaifu uko wapi? Hakuna kiwanda kinachotoboa vishimo vikanyooka kabisa. Ukiisukuma silinda izunguke kidogo kwa chuma cha kugeuzia, pini hazibanwi zote kwa pamoja. Moja inabanwa kwanza. Unaitafuta kwa chuma cha pili chenye ncha iliyopinda kama ndoano, unaiinua taratibu, unasikia "tk" ndogo ya kidoleni kuliko ya sikioni. Imekaa. Sasa inabanwa nyingine. Unaenda hivyo moja moja mpaka ya mwisho. Kadiri kufuli lilivyotengenezwa kwa uzembe, ndivyo kazi inavyokuwa rahisi. Lile la elfu nne nililifungua jioni ya pili, mimi niliyekuwa nashindwa hata kufungua kopo la maziwa bila kujikata.

4. Pini zinazodanganya

Jioni ya pili nikajiona fundi. Yule mzee akacheka, akaniambia ninunue kufuli lenye pini za ulinzi. Hapo ndipo nilipopata adabu.

Pini ya kawaida imenyooka kama kipande cha penseli. Pini ya ulinzi imechongwa makusudi imdanganye anayefungua bila ufunguo. Ziko za aina kadhaa, zinazokutana na watu zaidi ni hizi:

- Pini yenye kiuno. Imebonyea katikati kama kigurudumu cha kuzungushia uzi.
- Pini ya uyoga. Kichwa kipana, chini imepungua.
- Pini ya meno. Imezungushiwa mikato midogo midogo kama hesi ya skrubu.

Mwenye ufunguo wake hajui hata kama zipo, kwa sababu ufunguo unainua pini kabla silinda haijaanza kuzungushwa. Anayezikuta ni yule anayeinua pini huku silinda imekazwa.

Siku ya tatu na kufuli hilo jipya nilishangilia. Pini moja "tk", ya pili "tk", mara silinda ikazunguka kidogo, ikasimama. Nikasema imebaki punje. Nikakaza. Ikagoma. Nikakaza zaidi, ndoano ikapinda. Nilihangaika hivyo siku nne, kidole kimeota sugu, nikampigia fundi.

Akaniuliza, "Ilizunguka kidogo ikasimama?"

"Ndiyo."

"Basi hapo ndipo ilipokudanganya. Ungekuwa umeshafungua, kufuli lingefunguka. Legeza mkono."

Sikia maelezo yake. Pini yenye kiuno ukiinua ikafika katikati, kile kiuno kinapita kwenye ukingo wa silinda. Pale pembamba panaiachia silinda nafasi ya kuzunguka kidogo, ndiyo unadhani umeshinda. Kumbe ule mdomo wa chini wa pini umeshajikwaa. Ukizidi kukaza, unaubana zaidi. Unavyotumia nguvu ndivyo unavyojifungia.

Dawa yake ni kinyume cha unachotamani. Unalegeza mkono wa kugeuzia, unaacha uzito kiduchu tu. Unagusa pini moja moja mpaka upate ile ambayo ukiisukuma juu, silinda inarudi nyuma. Ndiyo hiyo. Unairuhusu silinda irudi, yaani unakubali kupoteza kile ulichodhani umepata, pini inapita kiuno, inakaa sawa. Mara nyingi pini nyingine mbili tatu zinadondoka hapo hapo, unaanza upya. Ni kawaida, usikate tamaa.

Pini za meno zina uongo wa aina yake. Kila mkato unatoa "tk" yake, kwa hiyo pini moja inakwambia imekaa mara tatu nne. Hapo dawa ni kuhesabu na kulinganisha, usiamini mlio wa kwanza. Wapenzi wa mchezo huu wengi hujipimia kwa kufuli la American Lock 1100, la alumini, ambalo viwandani hutumika kufungia swichi za mitambo isiwashwe wakati wa matengenezo. Ndani yake mna pini za meno na zenye kiuno pamoja. Ni mtihani.

Mimi langu la kwanza lenye pini za ulinzi lilinichukua wiki tano. Nililizoea kwa njia hii, na wewe ukitaka kujaribu fuata hivyo hivyo:

- Anza na kufuli la plastiki linaloonyesha ndani, uone pini zinavyocheza kabla hujazisikia kwa kidole.
- Kufuli ambalo silinda inatoka, libakishie pini moja tu. Ukilizoea weka mbili, kisha tatu.
- Weka pini yenye kiuno moja kati ya za kawaida. Jifunze kuitambua ilipo kabla ya kujifunza kuishinda.
- Dakika 20 kwa siku zinatosha. Ukiona unakaza meno, weka chini, ukapike chai.

5. Huu si mchezo wa wezi

Najua kuna mtu anasema moyoni, "Dada huyu anafundisha wizi." Hapana. Mwaka 1851, wakati wa maonyesho makubwa ya London, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alifungua mbele ya watu kufuli la Chubb lililokuwa likisifiwa halifunguki. Kisha akalifungua la Bramah, lililokaa dirishani miaka mingi na ahadi ya gini 200 kwa atakayeliweza. Lilimchukua zaidi ya saa 50, zilizogawanywa kwa siku 16. Wafanyabiashara waliokuwa wakiamini makufuli hayo hawakufurahi, lakini watengenezaji walilazimika kutengeneza bora zaidi. Siku hizi kuna vyama vya watu wanaokutana kufungua makufuli kama wengine wanavyokutana kucheza bao au drafti: Ujerumani kipo kilichoanzia Hamburg mwaka 1997, na kuna TOOOL ya Uholanzi na Marekani.

Sheria zao ni mbili, na ndizo alizonipa yule fundi bila kuwajua. Usifungue kufuli lisilo lako bila ruhusa ya mwenyewe. Usifanyie mazoezi kufuli linalotumika, hata kama ni lako, maana ukiliharibu umejifungia nje. Nami naongeza ya tatu: vifaa vyako vikae nyumbani. Ukikamatwa navyo usiku mtaani, kumweleza askari kwamba ni mchezo ni kazi kubwa kuliko pini ya meno.

6. Yule binti

Nilikuwa naendelea na mazoezi yangu, mara mpangaji wa chumba cha tatu akaibiwa mtungi wa gesi na redio. Kufuli zima. Ufunguo wake mmoja tu, anauvaa shingoni. Hana msaidizi, hana mtu wa kumtuhumu.

Nilikaa kitandani na kufuli langu mkononi. Nikakumbuka ile silinda inayozunguka kidogo ikasimama. Funguo mbili, mmoja wangu, basi ni yeye: nami nilipata kamzunguko kadogo, nikadhani nimemaliza, nikakaza.

Mpaka leo sijui nani alichukua viatu vyangu. Na sitajua, kwa sababu kufuli nililitupa. Fundi aliniambia baadaye kwamba kufuli lililofunguliwa kwa vyuma huwa na mikwaruzo midogo kwenye pini ndani, mahali ambapo ufunguo haukwaruzi hivyo, na mtaalamu akilifungua anaweza kuiona. Jibu nililolitaka niliwarushia kunguru wa jalalani.

Nikaenda kwao Mbagala na ile laki moja na ishirini kwenye bahasha. Mama yake akanikaribisha, "Karibu mwanangu," akanipa kiti, akaingia ndani akatuacha. Nikamwambia binti nilimkosea, sikuwa na ushahidi. Akapokea hela. Akasema, "Dada, nashukuru. Lakini kule kwenye grupu waliambiwa mimi mwizi. Hilo utalirudishaje?"

Nilirudi nikaandika kwenye grupu lile lile, watu wale wale, kwamba nilimtuhumu mtu bila ushahidi na kosa ni langu. Nilimsomea kwanza kabla ya kutuma, akakubali. Nilimwomba arudi kazini, akakataa, na sikumlaumu. Sasa anauza mwenyewe, nampa mzigo kwa mali kauli, na hesabu yake hajawahi kuichelewesha hata siku moja.

7. Cha kufanya wiki hii

Wezi wengi hawana subira ya pini. Wanakata upinde, au wanang'oa kile chuma cha mlangoni kinachoshika kufuli. Kwa hiyo angalia vyote, si silinda peke yake.

- Nunua kufuli kwa kuuliza ndani lina nini. Muulize muuzaji pini ngapi na kama zina ulinzi. Pini 5 au 6 zenye ulinzi ni bora kuliko 3 za kawaida. Asipojua, soma kasha. Kasha likiwa halisemi lolote, usilipie kung'aa.
- Angalia upinde. Uwe mnene, wa chuma kilichokomazwa, na usiachie nafasi kubwa ya kupitisha mkasi wa chuma. Makufuli rahisi hushika upinde kwa kimeno chenye springi ambacho kibati chembamba kinakitoa. Yale yanayoshika kwa gololi pande zote mbili ni magumu zaidi.
- Angalia mlango. Kama skrubu za kushikia kufuli zinaonekana kwa nje, kufuli la laki halina kazi. Fundi seremala atakubadilishia kwa boliti zinazopita mpaka ndani.
- Jaribu funguo zako. Nilinunua makufuli sita ya aina moja ya bei rahisi, ufunguo wa moja ukafungua jingine. Kama jirani yako kanunua duka moja na wewe, jaribuni mkiwa wote wawili.
- Usipige picha funguo. Hili ni letu sisi wa mtandaoni. Tunaenda mubashara tukiwa stoo, funguo zinaning'inia ukutani nyuma yetu. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego walionyesha kwamba ufunguo unaweza kunakiliwa kutoka kwenye picha, hata iliyopigwa kwa mbali. Ondoa funguo kwenye fremu. Na kama ufunguo wako una namba iliyogongwa, hiyo namba ni siri.
- Hesabu mzigo kila jioni, uandike. Mimi niligundua Jumatatu. Viatu huenda vilitoka tangu Alhamisi. Kama hujui lini, huwezi kujua nani.
- Ukiibiwa na kufuli ni zima, usilitupe na usilichomeke ufunguo tena. Liweke kwenye mfuko, peleka polisi na orodha ya vilivyopotea.
- Na kabla hujamtaja mtu, jiulize swali la yule fundi: ungelikuta hivi asubuhi, ungesema nani kafungua? Kama jibu lako ni "mwenye ufunguo" na huna jingine, legeza mkono kwanza.

Kwa wale mnaouza makufuli na vifaa vya nyumbani: usiandike "halifunguki" kwenye tangazo. Hakuna lisilofunguka. Andika idadi ya pini, unene wa upinde na limefungwaje. Mteja anayeibiwa baada ya kuamini tangazo lako harudi tena, na anakwenda kusema.

Jioni ya leo kabla ya kulala, chukua tochi ukaangalie mlango wa stoo yako kwa macho ya mtu mwingine. Kisha mtumie somo hili mwenzako mwenye mzigo chumbani na binti au kijana anayemsaidia kupaki. Biashara njema wadau.